Mwongozo wa Kuikatalia Simu Inayojigeuza Usiku

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua simu kwa fedha yake, taslimu au kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, kisha akaamka asubuhi akakuta vitufe vimehama, betri haifiki adhuhuri, bando la wiki limekata, na kwenye kioo kuna maneno ya bashasha yanayompongeza kwa kupata toleo jipya. Hakuomba toleo wala pongezi. Kama ni wewe, itoe simu kwenye chaja kwanza, ndipo uendelee kusoma. Sababu utaiona punde.

Natanguliza msimamo wangu ili tusije tukapotezana njiani. Masasisho ya usalama ni ya lazima na ninayatetea. Ninachokipinga ni kampuni kuyafunga katika furushi moja na mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaomba, kisha kulisukumia furushi hilo ndani ya simu ya mtu akiwa amelala. Mambo hayo mawili yanatenganishika. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inakufundisha kuyatenganisha kwa mkono, kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuimaliza kabla hajakuuzia.

Jua inangoja nini

Sasisho la usiku haliji kwa bahati. Simu hungoja mambo matatu yakutane: iwe inachaji, iwe imeshika Wi-Fi, na mwenyewe awe amelala. Kwenye iPhone ndivyo utaratibu ulivyo, na wala haufichwi. Ukiwa umeruhusu ijisasishe, itasubiri usiku, ikiwa kwenye chaja na Wi-Fi, ndipo ijisakinishie. Ndiyo maana nimekuambia uitoe.

Kwenye Android mambo huenda chinichini zaidi. Android 7 ya mwaka 2016 ilileta utaratibu ambao simu nyingi za sasa zinao, wa nafasi mbili za mfumo: moja unaitumia, nyingine imelala. Toleo jipya humiminwa kwenye ile iliyolala wakati wewe unahudumia wateja, unasikiliza mawaidha, unapiga picha za harusi. Taarifa ya kukuomba uzime na kuwasha inapokuja, kazi imekwisha zamani. Unaulizwa saa. Ridhaa hukuulizwa.

Kisha kuanzia Android 10, mwaka 2019, Google ilianza kusasisha baadhi ya vipande vya mfumo wenyewe kwa kupitia Play, bila kumpitia mtengenezaji wa simu. Hesabu sasa: kuna masasisho ya mfumo kutoka kwa mtengenezaji, kuna ya vipande vya Google, kuna ya programu zako kupitia Play Store, na kuna duka la pili ambalo mtengenezaji ameliweka ndani ya simu kabla hujaifungua boksi. Samsung wana Galaxy Store, Xiaomi wana GetApps, na Tecno na Infinix wana Palm Store. Karibu kila njia ina swichi yake, na kila swichi imefichwa mahali pake. Ni sawa na kununua nyumba, ukapewa na hati, kumbe aliyekuuzia amebaki na funguo za milango minne na kila mwezi anaingia kukuhamishia jiko.

Funga mlango mmoja mmoja

Anza na Play Store. Gusa picha yako juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta mapendeleo ya mtandao, kisha sehemu ya kusasisha programu kiotomatiki. Chagua zisijisasishe. Usiishie hapo, kwa sababu ukiacha kila kitu kilivyo kwa mwaka mzima umejiweka hatarini. Jipangie siku moja ya wiki. Siku hiyo fungua orodha ya programu zinazosubiri, usasishe kwa mkono zile zinazoongea na dunia au zinazoshika fedha: kivinjari, WhatsApp, programu ya benki. Tochi na kikokotoo vinaweza kungoja. Tochi inayohitaji MB 40 za marekebisho kila wiki iondoe kabisa, maana inafanya kazi nyingine ambayo hukuiajiri.

Kisha nenda kwenye lile duka la pili la mtengenezaji. Wengi hawajawahi hata kulifungua, na huko ndiko michezo na vivinjari visivyoombwa vinakotoka. Tafuta mipangilio yake, zima kusasisha kiotomatiki, zima na taarifa zake.

Mfumo wenyewe una sehemu yake kwenye mipangilio ya simu, kwa kawaida chini kabisa, panapoandikwa sasisho la mfumo au sasisho la programu. Kona ya juu huwa kuna alama ya gia au nukta tatu. Ndani yake mna swichi ya kupakua kiotomatiki. Izime. Simu nyingi za Android zina swichi nyingine iliyozikwa zaidi. Ingia kwenye sehemu inayoeleza habari za simu, gusa namba ya muundo mara saba mfululizo mpaka ikuambie umekuwa msanidi programu, kisha rudi kwenye mipangilio utafute chaguo za wasanidi. Humo mna swichi ya masasisho ya mfumo kujiweka yenyewe simu inapozimwa na kuwashwa. Mama lishe wa Buguruni anatakiwa agonge namba mara saba na atangazwe mhandisi ili apewe haki ya kuamua simu yake iwashwe lini. Aliyepanga hivyo alijua wengi hawatafika.

Kwenye iPhone ni rahisi kidogo. Ingia mipangilio, sehemu ya jumla, sasisho la programu, masasisho ya kiotomatiki. iOS 16 ilileta swichi mbili zilizotengana, moja ya matoleo ya mfumo na nyingine ya marekebisho ya haraka ya usalama. Zima ya kwanza, acha ya pili. Swichi hizo mbili ndizo ushahidi wangu mkubwa katika mwongozo huu wote, kwa sababu zinaonyesha kwamba kutenganisha kunawezekana na kwamba kampuni inajua kufanya hivyo. Mwaka 2021 Apple ilikwenda mbali zaidi, ikatangaza kwamba asiyetaka iOS 15 angeweza kubaki na iOS 14 huku akiendelea kupata marekebisho ya usalama. Januari 2022 nafasi hiyo ikafungwa, na kampuni ikasema ilikuwa ya muda tangu mwanzo. Walioitumia walikuwa wamefurahi kwa miezi michache tu.

Kama faili la sasisho limeshapakuliwa na limekalia nafasi yako, lifuate kwenye orodha ya hifadhi ya iPhone ulifute. Nafasi ni mali. Mwaka 2014, iOS 8 ilipotoka, kuisakinisha moja kwa moja kwenye simu kulihitaji karibu GB 5 za nafasi wazi, na wakati huo simu ya GB 16 ilikuwa ya kawaida. Watu walifuta picha za watoto wao ili kupisha vitufe vipya.

Mwezi huohuo wa Septemba 2014, Apple iliweka albamu ya bendi ya U2, Songs of Innocence, kwenye akaunti za wateja wapatao milioni 500 wa iTunes. Aliyekuwa ameruhusu manunuzi yake yajipakue aliikuta imeshuka kwenye simu yake. Malalamiko yalikuwa makali mpaka kampuni ikatoa zana maalumu ya kuifuta. Albamu ilikuwa ya bure, na kuna watu waliowashangaa waliokasirika. Mimi siwashangai. Waliruhusu simu ipakue walichonunua, na ruhusa hiyo ikatumika kuwawekea wasichokinunua.

Wi-Fi yetu si Wi-Fi yao

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mtu wa kwetu anapoumizwa kuliko wote.

Masharti ya kupakua ukiwa kwenye Wi-Fi yaliandikwa na mtu ambaye nyumbani kwake Wi-Fi haina mwisho. Anailipia mwezi mzima, na GB 3 zikipita usiku hajui hata kama zimepita. Kwetu, mara nyingi Wi-Fi ni bando la simu nyingine. Dada amewasha hotspot ili mdogo wake atume kazi ya chuo. Ofisi ina kile kirauta cha kuweka laini, na anayekiwekea vocha ni katibu muhtasi. Simu ikiona alama ya Wi-Fi inadhani imefika kwenye bahari, inafungua mdomo. Toleo jipya la Android huzidi GB 1 kwa urahisi, na la iPhone huwa GB kadhaa. Mtu anayenunua bando la siku, kwa siku, ili kupokea oda za chapati na kutuma picha za vitenge, anafanya biashara yake kwa MB. Mtengenezaji amemkata mtaji wake saa ya usingizi na hana pa kudai.

Fanya hivi. Kwenye Android, gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, fungua maelezo yake, utafute sehemu inayouliza kama mtandao unapima data. Iambie ndiyo, unapima. Simu mbili za Android zikipeana hotspot, mara nyingine hutambuana zenyewe. Kirauta cha laini hakitambuliwi, kwa hiyo usibahatishe. Kwenye iPhone, gusa jina la mtandao, washa hali ya kutumia data kidogo. Hali hiyo husimamisha masasisho ya kujiendesha. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaojiunga nao: wa ofisi, wa nyumbani, wa jirani. Ukiwa wewe ndiye unayegawa, mwombe mgeni wako afanye hivyo kabla hujamtajia nywila. Si ubahili. Ni bando lako.

Kisha washa kiokoa data kwenye Android, ambacho huzuia programu kutumia data kwa siri wakati huzitumii. Ruhusu zile mbili tatu ambazo ujumbe wake huwezi kuukosa, na nyingine zikae kimya mpaka uzifungue.

Usiku

Simu ya mtu mzima mwenye majukumu haipaswi kuzimika na kuwaka yenyewe saa nane usiku. Wengi hawajui kinachotokea hapo. Kama laini yako imewekewa PIN, simu ikiwaka upya hubaki inangoja PIN, na mpaka uiweke haishiki mtandao. Anayekupigia anaambiwa hupatikani. Hata laini isiyo na PIN, kabla hujaifungua simu kwa mara ya kwanza baada ya kuwaka, programu nyingi hazijaanza kazi, na ujumbe wa WhatsApp hauingii. Mkunga wa zamu, dereva wa gari la wagonjwa, mtu mwenye mgonjwa amelazwa Muhimbili: wote hao hulala na simu kichwani kwa sababu wanangojewa.

Kwa hiyo kama unangojewa, usilale na simu ikiwa kwenye chaja na Wi-Fi kwa pamoja. Chaji jioni, ukiwa macho. Au iache kwenye chaja, uzime Wi-Fi. Na anayetegemea kengele ya simu kuamkia daku au zamu ya alfajiri awe na saa ya mezani ya betri. Haigharimu sana, wala hakuna anayeweza kuifikia kutoka California.

Lipi usubiri, lipi usisubiri

Sheria yangu ni hii: toleo kubwa jipya lisubiri wiki tatu au nne, rekebisho la usalama lisisubiri hata wiki moja.

Sababu ya kusubiri ni kwamba kampuni hukosea, na wa kwanza kupokea ndio wanaoumia. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1 ili kurekebisha makosa ya iOS 8. Wenye iPhone 6 na 6 Plus waliosakinisha walipoteza mtandao wa simu na alama ya kidole. Simu ikawa haipigi simu. Iliondolewa baada ya muda wa kama saa moja, na rekebisho likatoka kesho yake. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Android. Kipande kidogo kiitwacho WebView, ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa, kilipokea sasisho bovu. Ghafla programu zikawa zinajifunga zenyewe duniani kote, Gmail ikiwemo. Watu walifuta programu, wengine wakafuta simu nzima, wakiamini wameharibu wao. Lawama hiyo kumrudia mwenye simu ndiyo inayonichukiza kuliko hitilafu yenyewe.

Sababu ya kutosubiri ni nzito zaidi. Julai 2015 watafiti wa kampuni ya usalama ya Zimperium walitangaza udhaifu wa Android uliopewa jina la Stagefright, ambapo ujumbe wa picha au video ungeweza kumfungulia mhalifu simu yako. Baada ya hapo ndipo Google ilipoanzisha utaratibu wa viraka vya usalama vya kila mwezi. Mei 2019 WhatsApp iliwataka watumiaji wake wote wasasishe mara moja, kwa sababu mtu aliweza kupandikiza programu ya kijasusi kwa kukupigia tu, hata usipopokea. Fikiria hilo katika nchi ambazo kubipu ni namna ya kusalimiana. Septemba 2021 Apple ilitoa iOS 14.8 kuziba tundu ambalo watafiti wa Citizen Lab walikuta likitumiwa na Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli, bila mwenye simu kugusa chochote. Aliyekuwa amezima kila kitu na kusahau alibaki na tundu hilo wazi.

Namna ya kutambua: kwenye iPhone, namba ya mbele ikibadilika ni toleo kubwa, subiri. Zikibadilika namba za nyuma, soma maelezo, ukiona neno usalama usicheleweshe. Kwenye Android tafuta tarehe ya kiraka cha usalama, imeandikwa kwenye sehemu ya habari za simu. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita na hakuna kiraka kinachokungoja, mtengenezaji wako amekwisha kukutelekeza, na hilo ni kosa kubwa kuliko kukusumbua. Maelezo yanayosema tu kwamba hitilafu zimerekebishwa na utendaji umeboreshwa hayajakuambia lolote. Mtu anayeingia kwenye simu yako anapaswa aseme amekuja kufanya nini.

Hakuna kurudi

Kabla ya kubonyeza kukubali, jua kwamba mlango wa nyuma hufungwa. Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka, na toleo lisiloidhinishwa haliingii tena kwenye simu. Simu nyingi za Android nazo zina kinga inayokataa mfumo wa zamani. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anaweza kukuambia ataiflashi irudi ilivyokuwa. Wapo wanaoweza kwa baadhi ya simu. Lakini kuflashi hufuta vilivyomo, na programu za benki zinaweza kukataa kufanya kazi kwenye simu iliyochezewa. Hifadhi nakala ya picha na namba zako kabla ya kukubali toleo lolote kubwa. Na usiende kuokota toleo la zamani la programu kwenye tovuti usiyoijua. Huko utapata ulichokitafuta na mgeni mwingine juu yake.

Anayekuletea sasisho naye mchunguze

Hili linawahusu hasa wenye simu za bei nafuu, yaani wengi wetu. Novemba 2016 kampuni ya usalama ya Kryptowire ilibaini kwamba programu ya masasisho iliyotengenezwa na Adups ya Shanghai, iliyokuwa ndani ya simu za BLU zilizouzwa Marekani, ilikuwa ikituma ujumbe mfupi na kumbukumbu za simu za wenyewe kwenda kwenye seva za China kila baada ya saa 72. Mleta masasisho ndiye aliyekuwa mdukuzi. Aprili 2021, simu za Gigaset, kampuni ya Ujerumani, ziliingiziwa programu hasidi kupitia seva ya masasisho yenyewe. Njia iliyojengwa ili ikubali kila kinachotumwa bila kuuliza itakubali hata cha mwizi, kwa hiyo simu inayomuuliza mwenyewe kwanza ni salama zaidi.

Betri

Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho kuanzia iOS 10.2.1 yalipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Ilikiri baada ya John Poole wa Primate Labs kuchapisha vipimo vilivyoonyesha kasi ikishuka. Iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Nia ya kuzuia simu kuzimika naweza kuielewa. Kosa lilikuwa kunyamaza, kwa sababu mtu asiyejua kwamba betri ya makumi ya dola ingemrudishia kasi alinunua simu mpya kwa mamia ya dola.

Mwezi Januari 2025 Google ilituma kwa simu za Pixel 4a sasisho lililopunguza uwezo wa betri, na likajisakinisha lenyewe. Ilitoa fidia ya kubadilishiwa betri, au dola 50, au punguzo la dola 100 kwa Pixel mpya, kutegemea nchi. Pixel haziuzwi rasmi na Google katika Afrika Mashariki. Nyingi tunazoziona ni za mtumba. Baadaye mamlaka ya Australia ilitaja hatari ya betri hizo kupata joto na kuwaka. Sababu ilikuwa ya maana sana, na ndiyo sababu mwenye simu alistahili kuambiwa wazi kwamba mfukoni mwake mna kitu kinachoweza kuungua.

Simu ya mzazi

Shangazi yangu wa Tanga hasomi maandishi ya kwenye simu. Anajua mahali. Kitufe cha kijani cha tatu kutoka kushoto ni cha kumpigia mwanawe aliye Muscat, na anajua hivyo kwa miaka. Siku moja alinipigia kwa simu ya jirani.

“Mwanangu, simu imeharibika.”

“Shikamoo shangazi. Haijaharibika, wameibadilisha.”

“Marahaba. Nani kaibadilisha?”

Sikuwa na jina la kumpa, wala namba ambayo angeweza kupiga akamuuliza huyo mtu kwa nini. Mabadiliko ambayo kijana wa ofisini anayazoea kwa nusu saa humchukua mzee wiki nzima, na wiki hiyo hazungumzi na mtoto wake. Kampuni hupima watu wangapi wamepokea toleo jipya. Walioacha kupiga simu kwa aibu ya kuuliza hawamo kwenye vipimo hivyo.

Kwa simu ya mzazi, zima kila mlango niliosema uzimwe, bila kubakiza. Masasisho ya usalama, hata yakipita ile wiki moja ya sheria yangu, yafanye wewe ukienda kumsalimu, ukiwa umekaa naye, bando ni lako. Ukimaliza, rudisha kila kitufe mahali pake kabla hujaaga. Piga picha ya kioo cha simu yake uitunze kwenye simu yako, ili siku kikihama umwelekeze kwa kuangalia. Na umwandikie kwenye karatasi namba nne tano za watu wake, kwa herufi kubwa, aibandike ukutani.

Fedha zisikwame

Programu ya benki au ya mtandao wa simu inaweza kukataa kufunguka mpaka uisasishe, na itachagua kukataa ukiwa dukani na foleni nyuma yako. Jua njia ya menyu kwa moyo: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya, na ya benki yako uiulize leo. Menyu hiyo haihitaji bando, haihitaji toleo, na inafanya kazi kwenye simu ya kitochi. Mtandao wowote au benki yoyote itakayotaka kuiondoa kwa kisingizio cha usasa ipingwe hadharani.

Dai

Kuzima swichi ni kujihami. Bado mtu mmoja mmoja anahangaika na kitu kinachopaswa kuwa sheria, na sheria hiyo tayari ipo kwingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha Sheria ya Ustahimilivu wa Mtandao, namba 2024/2847, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027. Inataka marekebisho ya usalama yatolewe mbali na mabadiliko ya utendaji inapowezekana kiufundi, na inataka mtumiaji apewe njia rahisi ya kukataa masasisho ya kiotomatiki na nafasi ya kuyaahirisha. Tangu tarehe 20 Juni 2025, kanuni nyingine ya Umoja huo inataka masasisho ya mfumo wa simu yaendelee kutolewa kwa angalau miaka 5 tangu modeli yake iache kupelekwa sokoni. Na hata kabla ya hayo, Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa masasisho yaliyozorotesha simu za wateja. Ilitumia sheria ya kawaida ya kumlinda mlaji. Ufaransa nayo iliitoza Apple euro milioni 25 Februari 2020 kwa kutowaambia wateja juu ya kasi iliyopunguzwa.

Sheria za kumlinda mlaji tunazo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani iliyoundwa chini yake. Kenya ina ibara ya 46 ya Katiba, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 na Mamlaka ya Ushindani. Vyombo hivyo viwili vidai kwamba kila simu inayoingizwa nchini itenganishe usalama na mabadiliko, iseme ukubwa wa faili kabla ya kulipakua, na isiguse bando la mtu kabla hajasema ndiyo. Nawe msomaji, sasisho likikuharibia simu au kukumalizia bando, piga picha ya kioo, andika tarehe, toleo na MB zilizokwenda, uvipeleke kwenye tume au mamlaka hiyo kwa maandishi. Malalamiko ya barazani hayafunguliwi jalada.